Mwalimu na Swali la Kumi na Nane

Swali la kumi na nane nililitunga mimi. Kwa miaka kumi na mmoja nimelikana. Nimelikana kwa maneno, nimelikana kwa kunyamaza, na mara moja nimelikana kwa kutikisa kichwa kwa masikitiko na kusema, "Aliyetunga hili alikuwa na usingizi." Niliyasema hayo huko Moshono, kwenye baraza la mwanamke aliyekuwa akipigana na swali hilo kana kwamba limemwibia ng'ombe, na yeye akanimiminia chai nyingine kwa kunishukuru kuwa upande wake.

Mtaa mzima tulimwita Mwalimu, hata sisi ambao ni walimu. Alikuwa amestaafu kufundisha hisabati, lakini ni shule iliyostaafu, si yeye. Alichomeka kalamu nyekundu kwenye kilemba, na chochote kilichoandikwa kikipita mbele yake kilisahihishwa. Nimeona kadi ya mwaliko wa harusi aliyoirudisha kwa wenye harusi ikiwa na mistari miwili na alama ya kuuliza. Tangazo la ofisi ya kata kwamba maji yatakatwa "kwa ajili ya kuboresha huduma" lilikaa ubaoni wiki nzima likiwa na maandishi mekundu pembeni: *Vipi?*

Adui yake mkubwa alikuwa "kwa hiyo". Aliamini kwamba uonevu mwingi wa dunia hii huingia kwa mlango huo. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia ndizi alisimama getini mwaka mvua zilipochelewa, akasema, "Mvua hakuna, Mwalimu, kwa hiyo watu wamemkosea Mungu."

"Mvua hakuna, hilo nimeliona," alijibu Mwalimu. "Watu wamemkosea Mungu, hilo nalo nimeliona. Hiyo kwa hiyo ndiyo sijaiona. Umeiweka wapi?"

"Haya, Mwalimu, nunua ndizi."

"Nanunua. Lakini si kwa sababu umenishawishi."

Kanisani hakuwa na nafuu. Baada ya ibada alipanga foleni kama sisi wengine, akampa mchungaji mkono, kisha akamwambia kwa upole kabisa kwamba hoja yake ya pili haikutokana na ya kwanza. Baada ya miezi michache mchungaji alianza kutokea mlango wa nyuma. Mwalimu akaanza kumsubiri mlango wa nyuma.

Mjini alikuwa na rafiki mmoja, mzee wa Kisingasinga mwenye duka la vipuri, ambaye ndiye aliyemuuzia kila kitu cha pikapu yake chakavu. Niliwakuta siku moja wakigombana juu ya plagi.

"Chukua hii, Mwalimu. Kila mtu Arusha ananunua hii."

"Kila mtu Arusha atakufa pia, mzee. Nifanye haraka?"

"Wewe mtu gani? Mimi niko duka hili tangu baba yangu."

"Hiyo inathibitisha kwamba baba yako alikuwa na duka."

Mzee akaagiza chai. Walikuwa hivyo miaka yote, na kila mmoja aliniambia faraghani kwamba mwenzake ni mtu mwema lakini hajui kubishana.

Nisimfanye malaika wa mantiki. Daktari alipomwambia apunguze chumvi, alidai aonyeshwe ushahidi kwamba chumvi ya jikoni kwake ndiyo iliyopandisha presha yake, na kwa kuwa hakuna mwenye ushahidi wa namna hiyo, aliendelea kuimwaga. Aliamini pia, bila hoja yoyote, kwamba maharage hayapandwi siku ambayo mwenye shamba amegombana na mtu. Imani hiyo ilimwachia siku chache sana za kupanda.

Mimi, mwanamke mwenzake, aliniita Daktari. Sikuwa daktari wa kitu chochote. Nilikuwa nimeanza shahada ya uzamivu na kuiacha katikati, na wakati huo nilikuwa nafundisha katika chuo kimoja mjini, nikijitambulisha kwa watu kwa sauti ya mtu ambaye tasnifu yake iko karibu kuisha. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma. Mwalimu alijua fika kwamba tasnifu imelala. "Daktari," angeniita juu ya ua, "unaendeleaje kutokuwa daktari?"

Sasa nieleze Jumamosi zake, maana bila hizo hutaelewa kilichotokea.

Kuna mfuko mmoja wa ufadhili, jina silitaji, ambao kila mwaka huwatahini vijana wa mikoa yetu na kuwapeleka wachache kusoma nje. Mtihani wake una Sehemu ya Hoja. Unapewa habari fupi, mtu ndani ya habari anahitimisha jambo, halafu unachagua moja kati ya sentensi nne: ipi inaitia nguvu hoja yake, ipi inaidhoofisha, ipi haiihusu. Vijana waliofaulu kemia bila jasho walikuwa wakilia kwenye sehemu hiyo.

Mwalimu aliwafundisha uani kwake, na hakuwaruhusu kukaa. Kona nne za ua ziliitwa A, B, C na D. Alisoma swali kwa sauti, kila mmoja akaenda kusimama kwenye kona ya jibu lake, kisha walianza kuvutana kwa maneno kutoka kona hadi kona. Aliyeshawishika alihama. Aliyehama kwa kuona wenzake wamehama alirudishwa alikotoka mbele ya watu wote na kuulizwa ni sentensi gani iliyombeba. "Miguu yako imesikia nini ambacho masikio hayakusikia?" Walicheka, lakini baada ya mwezi mmoja hakuna aliyehama ovyo.

Kosa lao kubwa lilikuwa moja, nalo ni kosa la watu wa kwetu. Ukimpa mtoto wa mkulima swali lenye mkulima ndani yake, halisomi tena, anakumbuka. Swali likisema wanakijiji wanauza kahawa mbichi, atakuambia hapana, baba hauzi mbichi. "Jibu liko kwenye karatasi," Mwalimu alirudia. "Shamba lenu liacheni nyumbani, litawasubiri." Kisha ili waelewe angewaeleza kwa ng'ombe wa jirani, migomba ya dada yake na kahawa ya Nkoaranga. Nilipomwonyesha kwamba anavunja sheria yake mwenyewe, aliniambia sheria ni ya wanaofanya mtihani, na yeye hafanyi mtihani.

Mwanafunzi wake aliyesimama peke yake mara nyingi kuliko wote aliitwa Neema, msichana wa Kikatiti, mwembamba, asiyesema sana. Nilimwona kwa macho yangu amesimama kona ya B karibu saa nzima huku wenzake kumi na wawili wakimpigia kelele kutoka A. Mwishoni walianza kuhama mmoja mmoja kumfuata. Hakutabasamu. Alisogea tu kidogo wapate nafasi.

Mwaka huo huo mfuko uliniomba, kwa siri, niwatungie maswali ishirini ya Sehemu ya Hoja. Watunga maswali hawakutakiwa kujulikana. Nilivimba kichwa siku tatu. Hatimaye kuna mahali nilihesabiwa kuwa mtu wa kufikiri. Nikayatunga yote kwa jioni mbili, na la kumi na nane ndilo nililojivunia zaidi. Lilikuwa hivi:

*Katika kata moja, kaya zinazofuga ng'ombe bandani huuza maziwa mengi kwa kila ng'ombe kuliko kaya zinazochunga nje. Ofisa mifugo amehitimisha kwamba kufuga bandani humfanya ng'ombe atoe maziwa mengi zaidi. Ipi kati ya sentensi hizi, kama ni kweli, inaidhoofisha zaidi hoja yake?*

*A. Ng'ombe wa bandani hukatiwa majani kila siku.*
*B. Kaya zinazochunga nje ni nyingi kuliko zinazofuga bandani.*
*C. Kaya zinazochunga nje hunywa nyumbani sehemu kubwa ya maziwa yao, na kaya za bandani huuza karibu yote.*
*D. Baadhi ya kaya za bandani zina ng'ombe wa kisasa.*

Jibu langu lilikuwa D. Nilitaka kijana aone kwamba pengine si banda linaloleta maziwa, bali aina ya ng'ombe. C niliiweka kujaza nafasi. Nilikulia kwenye mteremko wa Meru, nyumba ya banda na ng'ombe wawili, ambako maziwa ni kitu kinachoondoka asubuhi ndani ya kopo kwenda kituo cha kukusanyia. Yaliyobaki chini ya ndoo yalitosha kubadilisha rangi ya chai, na hatukuyaita maziwa. Habari ya nani anakunywa nini nyumbani niliiona ni habari ya jikoni, haiwezi kumgusa ofisa. Mimi, msomi, nililileta shamba letu ndani ya swali kabla mtahiniwa yeyote hajalisoma.

Neema alichagua C. Alikosa ufadhili kwa alama moja.

Majibu sahihi yalipobandikwa, Mwalimu aliyanakili kwa mkono, akaniita barazani kwake, akanisomea la kumi na nane. Moyo wangu ulifurahi kwanza, kama mzazi anayesikia jina la mwanawe likitajwa. Kisha akaanza.

"Daktari, nisikilize. Huyu ofisa amepima nini? Maziwa yaliyouzwa. Amehitimisha juu ya nini? Maziwa yaliyotoka kwenye kiwele. C inamwambia: bwana, wengine yao wameyanywa, hujayaona. Basi hata hatujui kama wa bandani wanatoa mengi. Hoja imekwisha, hakuna kitu cha kueleza. Sasa njoo D. *Baadhi*. Baadhi ni wangapi? Wawili? Na wanaochunga nje, wao hawana wa kisasa? Imesema?"

"Haijasema," nilisema.

"Haijasema. Mtoto wa watu amekaa nyumbani kwa sababu ya baadhi."

Nilimwelewa kabla hajafika katikati. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasema yale ya usingizi, akanimiminia chai.

Aliandika barua ya kulalamika. Kwa kuwa hakutaka kompyuta nyumbani kwake, alinisomea, mimi nikachapa. Wiki tatu baadaye katibu wa mfuko alinitumia barua hiyo hiyo, na maelezo mafupi: tafadhali, kama mtungaji, tuandalie majibu. Nikayaandaa. *Kamati imelipitia swali husika na imeridhika kwamba jibu lililotolewa ni sahihi.* Barua ikaenda, Mwalimu akaipokea, akavuka ua kuja kunisomea.

Januari iliyofuata akaandika tena. Na iliyofuata. Barua kumi kwa jumla. Zote nilizichapa, na nyingine niliziboresha, maana sipendi sentensi iliyolegea hata ikiwa inanishambulia mimi. Saba kati yake zilijibiwa, na zote saba nilizijibu mimi. Nilijificha nyuma ya ile sheria ya siri kama mtu anavyojificha nyuma ya pazia huku viatu vikionekana.

"Huyu ana shule," alisema mwaka mmoja, akiwa ameyanyoosha majibu yangu juu ya goti. "Ona anavyoweka mkato. Lakini mimi nimeuliza C ina kosa gani, yeye ananiambia kamati imeridhika. Nilimuuliza kama wameshiba?"

"Labda wamechoka, Mwalimu."

"Aliyechoka hukosea. Huyu hajakosea hapa. Amekwepa."

Majirani walimshauri aache. Nafasi ya ufadhili ilikuwa imekwenda zamani, na Neema mwenyewe alikuwa anauza dawa za mifugo Kikatiti. Ushauri huo ulimpandisha hasira kuliko barua. "Sikubali. Nani ameomba nafasi? Mimi nataka waandike mstari mmoja: ulifikiri sawa. Yule mtoto aliambiwa na watu wenye mihuri kwamba hajui kufikiri. Walimvunja. Kichwa kile kinauza dawa ya kupe." Alilisema kanisani, dukani kwa yule mzee wa vipuri, na mbele ya wanafunzi wapya kila Jumamosi. Mimi nililisikia kila mara, na kila mara nililibeba kwenda nalo nyumbani upande wa pili wa michongoma. Nikipita Kikatiti niliendesha gari nikitazama upande mwingine.

Mwaka jana macho yake yalipungua nguvu, akahamia Nkoaranga kwa mdogo wake wa kike. Ua wa Moshono ulinyamaza. Nilidhani na barua zimekwisha. Mwezi wa kwanza mwaka huu akanipigia: njoo na kompyuta yako, bado moja.

Gari liliishia njiani, nikapanda kwa miguu ile njia kati ya migomba, kompyuta mgongoni, nikipitwa na akina mama wenye mizigo ya majani ambao walinipa pole bila kupumua kwa shida. Nilimkuta nje, sweta limefungwa hadi kooni, uso ameuelekeza kwenye sauti ya hatua zangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Daktari. Umenenepa, nasikia unavyohema. Kaa, andika."

Nikaandika. Sauti yake ilikuwa ile ile. Alipitia hoja yote upya, hatua kwa hatua, bila karatasi. Alipofika mwisho akasema, "Aya mpya. *Kwa kuwa mtunga swali hajawahi kujitokeza kwa miaka kumi na mmoja, ni wazi kwamba amekwisha kufariki, na sasa ni juu ya kamati...*"

Vidole vyangu viligoma. Naapa haikuwa dhamiri. Ilikuwa mazoea ya Jumamosi zake.

"Hiyo haitokani, Mwalimu," nilisema. "Kutojitokeza si ushahidi kwamba amekufa."

"Una ushahidi kwamba yu hai?"

"Ninao. Ni mimi."

Ndani, mdogo wake alikuwa akiosha vyombo, naye akaacha.

"Barua umenichapia ngapi?"

"Kumi."

"Na majibu?"

"Saba. Mimi."

"Ile ya kwamba wameridhika?"

"Hiyo pia."

"Nilikupa chai," alisema polepole, kana kwamba anahesabu vikombe. Nikaanza kuomba msamaha, nikaomba vizuri, nilikuwa na maneno ya miaka mingi. Alinyoosha mkono kunizuia. "Usiniombe mimi. Mimi sikufeli mtihani wowote. Mpigie aliyefeli. Sasa hivi, hapa, na weka sauti nje niisikie."

Namba ya Neema nilikuwa nayo tangu zamani. Sikuwahi kuipiga. Iliita mara mbili, akapokea, nikajitambulisha kuwa jirani wa Mwalimu wa Moshono.

"Haloo, dada. Subiri kidogo." Kisha, mbali na simu, "Hiyo ni ya kuogesha, baba, si ya kunywesha. Ukimnywesha usije kunilaumu. Haya, dada, nakusikia."

Nikamwambia. Nilisema swali la kumi na nane nililitunga mimi, jibu nililoweka lilikuwa kosa, na lake lilikuwa sahihi.

"Najua," alisema.

"Unajua kwamba ni mimi?"

"Hapana, hilo sikulijua. Najua kwamba ni C. Nililijua siku ile ile, chumba cha mtihani. Na nilijua mnataka D."

"Ulijuaje?"

"Lilionekana. Hao ng'ombe wa kisasa walikuwa wamekaa pale kama bwana harusi. Nikasema, huyu mtungaji anataka nimchague huyu. Nikaandika C."

Mwalimu alisogeza kiti hadi goti lake likagusa langu. "Neema."

"Mwalimu? Shikamoo."

"Marahaba. Ulijua wanataka D, na ulijua alama moja inaweza kukutoa?"

"Nilijua. Sasa ningeandika D wakati si kweli?"

"Miaka yote hii nimekuwa nikisema walikuvunja."

"Nimesikia. Hata mama huletewa habari hizo na watu wa kanisani."

"Kwa nini hukunikatalia?"

"Hukuniuliza, Mwalimu. Uliniona nauza dawa ya kupe, ukahitimisha." Alilisema kwa heshima, bila kupandisha sauti. "Ng'ombe niliwapenda kabla ya mtihani. Nilikwenda kusomea mifugo mwaka uliofuata, na hili duka ni langu. Ule mtihani sikuurudia kwa sababu sikutaka kupimwa tena na mtu asiyejua maziwa yanakokwenda."

Nilimtazama Mwalimu. Midomo yake ilikuwa inatembea kama ya mtu anayerudia hesabu na kupata jibu jingine. "Nimekosa," alisema, kwa simu au kwa kiti, sijui. Sikuwahi kulisikia neno hilo kwake.

"Nataka kuiandikia kamati," nilimwambia Neema. "Kwa jina langu. Wakupe barua."

"Andika, waniletee. Nitaibandika hapa dukani. Na yale majibu ambayo kamati ilimjibu Mwalimu, nayo ulikuwa unaandika wewe?"

"Ndiyo."

"Alinisomea mawili. Yalikuwa dhaifu."

"Ndiyo."

"Basi hii ya sasa iandike vizuri, dada. Usiseme nilivunjika moyo, wala usiseme nilionewa. Sema niliulizwa swali nikalijibu." Akamgeukia mteja wake, na simu ikakatika.